Kanuni Zimetutosha, Tupeni Mkasa

Ukitaka kuwagombanisha wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, waulize swali hili: mchapishaji mwenye fedha za kutoa kitabu kimoja tu mwaka huu, atoe kipi? Atoe mkasa ulioandikwa tayari, wenye ramani, maadui na siri zake, mtu aufungue na kuucheza na wenzake? Au atoe kitabu cha nyongeza, chenye kanuni mpya, silaha mpya, uchawi mpya na madubwana mapya, halafu kila mtu akajitungie kisa chake? Ubishi huu ni mkongwe karibu sawa na mchezo wenyewe. Mimi niko upande wa mkasa, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hili linamhusu hata mtu ambaye hajawahi kushika dadu ya pande 20.

Kwa asiyeujua mchezo, maelezo yake ni mafupi. Watu wanne au watano hukaa mezani. Mmoja wao ni mwendeshaji, naye peke yake ndiye anayejua kilichopo nyuma ya mlango. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, ujanja wake, mali zake, udhaifu wake. Mwendeshaji husema, "Mmefika darajani. Katikati ya daraja amesimama mzee ameshika taa. Mnafanyaje?" Wachezaji wanabishana, mmoja anamwamkia mzee, mwingine anachomoa upanga. Pasipojulikana kama jambo litafanikiwa, dadu inaamua. Hakuna anayetangazwa mshindi. Kinachobaki mwisho wa jioni ni kisa kilichotungwa na wote waliokuwepo, na hakuna aliyejua kingeishia wapi.

Mchezo ulioanzisha yote haya, Dungeons & Dragons, ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Watunzi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, waliuza kisanduku chenye vijitabu vitatu vya kanuni, na toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000. Mkasa kamili wa kucheza haukuwemo. Imani ilikuwa kwamba mtu anayenunua mchezo wa kubuni atapenda kubuni mwenyewe, na kumwandikia kisa ni kumnyang'anya utamu. Mwaka 1976 Bob Bledsaw na Bill Owen, wa Decatur katika jimbo la Illinois, wakaanzisha Judges Guild ili wauze kile ambacho wenye mchezo hawakukiona kama biashara: miji iliyokwisha kuchorwa mitaa yake, majumba yaliyokwisha kujazwa mizimu. Vikanunuliwa. Kufikia mwaka 1978 kampuni ya TSR, yenye mchezo wake, nayo ikawa inachapisha mikasa, ikianzia na ngome ya mkuu wa majitu ya milimani.

Hapo naona funzo la kwanza. Gygax na Arneson walikuwa na vipaji, na mwenye kipawa ni mwepesi wa kusahau kuwa kuanza ni kazi. Yeye akipewa ukurasa mtupu anaona uhuru. Mwingine akipewa ukurasa huohuo anaona ukurasa mtupu.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi jioni, Tabata, sebuleni kwa binamu yangu. Yupo mhasibu, yupo mfamasia, yupo mwalimu wa hisabati na yupo kijana wa chuo ambaye ndiye mwenye bidii kuliko wote. Vitabu vya nyongeza anavijua kwa kurasa. Ana wahusika aliowatengeneza usiku kucha, kila kitu kimepangwa: jina la ukoo, kovu la shavuni, deni alilorithi kwa marehemu babake, aina ya mshale anaoupenda, na daraja atakalolifikia baada ya miaka mitano ya kucheza. Mmoja wao, mwindaji hodari wa misituni, ana wasifu wa kurasa nne zilizochapwa vizuri. Mwindaji huyo hajawahi kuvuka hata mto. Kila tukikaribia kuanza, kinatoka kitabu kipya chenye aina bora zaidi ya mwindaji, na kijana wetu anarudi kwenye karatasi zake. Simcheki, maana nyumba nyingi za watu wazima zina jiko la namna hiyo: masufuria ya kila ukubwa yamening'inia ukutani, na mchele haujanunuliwa.

Siku nilipoweka mezani mkasa wa kurasa chache, mwindaji yuleyule alivuka mto kabla chai haijapoa. Hakuhitaji aina mpya ya mshale. Alihitaji mtu ng'ambo ya pili anayepiga kelele za kuomba msaada.

Naufahamu mvuto wa kitabu cha nyongeza kwa sababu nimeishi nao nje ya mchezo. Nina ndugu ambaye amehudhuria semina za ujasiriamali hadi vyeti vimejaa bahasha ya kaki. Anajua kuandika mpango wa biashara, anajua kodi, anajua namna ya kuongea na benki. Duka hana. Ukimuuliza, anakwambia bado kuna mafunzo ya masoko ya mtandaoni mwezi ujao. Kila cheti kinamwongezea uwezekano wa kuwa mtu fulani, na uwezekano ni kitu kitamu, haupati hasara wala haudaiwi pango. Kitabu cha kanuni kinamwambia mchezaji anaweza kuwa nani. Mkasa unamuuliza atafanya nini, sasa hivi, na wenzake wakimtazama. Swali la pili ndilo linaloogopesha, na ndilo linalomjenga mtu.

Nilipoanza kazi ya kaunta katika benki, nilikabidhiwa kitabu kinene cha taratibu. Nilikisoma chote na nikafaulu mtihani wake. Kisha dada mmoja aliyekuwa mkubwa wetu pale kaunta akanivuta pembeni, akaniambia: "Amekuja mzee anataka kutoa pesa za matibabu ya mkewe. Sahihi yake haifanani na iliyopo kwenye kadi, maana mkono unamtetemeka. Nyuma yake kuna foleni mpaka mlangoni, na wa pili kwenye foleni ameshaanza kuguna. Unafanyaje?" Nikamwambia kitabu kinasema sahihi lazima zifanane. Akasema, "Sawa, hilo nalijua. Nimeuliza unafanyaje." Nikajaribu: nitamkalisha, nitamwita msimamizi, nitaomba kitambulisho. Akaendelea: "Kitambulisho amekisahau Mbagala. Na mzee ameanza kuona aibu." Hakunipa jibu, wala sidhani kama alikuwa nalo moja. Alinipa mkasa. Kanuni zote nilizokuwa nimezikariri zilipata uzito siku ile, kwa sababu sasa zilikuwa na mzee mbele yake. Nilikuja kumuelewa dada yule vizuri zaidi nilipoanza kuendesha mchezo: alikuwa mwendeshaji hodari, ila hakuwa na dadu.

Wachapishaji wanaoukimbia mkasa wana hoja yao, nayo ni ya hesabu. Katika meza ya watu watano, mkasa hununuliwa na mmoja, yaani mwendeshaji. Wenzake hawapaswi hata kuufungua, wasije wakazijua siri. Kitabu cha silaha na uchawi kinaweza kununuliwa na wote watano. Tena mkasa ukishachezwa umekwisha, ilhali kanuni hutumika miaka. Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilipotoa toleo la tatu la mchezo mwaka 2000 ilitoa pia leseni huria ya kuwaruhusu wachapishaji wengine kutumia kanuni zake. Mojawapo ya hoja zilizoisindikiza leseni hiyo ilikuwa kwamba mikasa ina faida ndogo, hivyo bora wengine waibebe.

Hesabu hiyo ni ya kweli mpaka pale unapoitazama TSR yenyewe ilivyoanguka. Miaka ya tisini ilikuwa inatoa ulimwengu baada ya ulimwengu: Dark Sun mwaka 1991, Al-Qadim mwaka 1992, Planescape mwaka 1994, Birthright mwaka 1995, kila mmoja na msururu wake wa vitabu vya nyongeza. Aliyependa majangwa ya Dark Sun hakununua vya Planescape, na wa Planescape hakujali ya Birthright. Wateja walewale wakagawanywa mafungu, gharama za uchapaji zikabaki palepale, madeni yakapanda. Kulikuwa na sababu nyingine za anguko, lakini hiyo haisahauliki: chaguo zilipozidi, wachezaji wakaacha kukutana.

Kwa upande wa pili kuna Paizo. Kampuni hii ilikuwa ikichapisha majarida mawili ya mchezo, Dragon na Dungeon, kwa leseni. Mwaka 2007 leseni ikaisha na haikuongezwa. Ikabaki na waandishi, wasomaji na pango la ofisi. Ilichokifanya ni kuanza kutoa mfululizo wa mikasa uitwao Pathfinder Adventure Path, kitabu kimoja kwa mwezi, sita vikiunda kisa kimoja kirefu, na wasomaji wakijiandikisha kama wanavyojiandikisha kwa gazeti. Mchezo wake kamili wenye kanuni zake ulikuja mwaka 2009. Maana yake visa vilitangulia, vikaibeba kampuni mpaka ikaweza kuwa na kanuni zake. Na Wizards of the Coast, walipotaka kuwakaribisha wageni mwaka 2014, ndani ya kisanduku cha wanaoanza waliweka kijitabu kidogo cha kanuni, wahusika waliokwisha kuandaliwa, na mkasa, Lost Mine of Phandelver. Walijua kwamba aliyekwisha kuingia ndani atanunua fenicha, lakini aliye nje hana haja na fenicha, anatafuta mlango.

Kuna faida nyingine ya mkasa ambayo mahesabu hayaioni. Watu wawili wasiojuana, mmoja amecheza Ravenloft ya Tracy na Laura Hickman, iliyotoka mwaka 1983, na mwingine ameicheza miaka mingi baadaye katika nchi nyingine, wakikutana wana la kusimuliana: ulimshindaje yule bwana wa ngome? Mlikula chakula chake cha jioni? Nani alikufa? Hakuna watu waliowahi kukutana wakasimuliana kwa furaha jedwali la gharama za silaha. Mkasa uliochezwa na wengi unakuwa kumbukumbu ya wengi, kama kitabu cha fasihi kilichosomwa na kidato kizima, ambacho baada ya miaka 20 bado kinawafanya watu wazima wacheke pamoja msibani. Jamii inahitaji vitu vya namna hiyo, mambo ambayo sote tuliyapitia, kila mtu kwa njia yake.

Nikisema nautetea mkasa, siutetei kila mkasa. Ule ninaoupenda kuliko yote ni In Search of the Unknown wa Mike Carr, uliokuwa ukiwekwa kwenye kisanduku cha wanaoanza mwishoni mwa miaka ya sabini. Unahusu mapango yaitwayo Quasqueton, yaliyochongwa na mabwana wawili, mpiganaji Rogahn na mchawi Zelligar, ambao wameondoka na hawajarudi. Mwandishi anakueleza kila chumba: jiko lenye harufu ya vyakula vilivyooza, maktaba, chumba chenye madimbwi 14, kila moja la aina yake, moja mvinyo, jingine tindikali. Lakini ukifika mwisho wa maelezo ya vyumba, unakuta mistari mitupu. Mstari wa dubwana, mtupu. Mstari wa hazina, mtupu. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya madubwana na orodha ya hazina, na wewe mwendeshaji mgeni unaambiwa uchague nani akae wapi, na vyumba vingine uviache bila kitu.

Ukitazama kwa makini, huo ni ualimu wa hali ya juu. Carr angeweza kujaza vyote, kazi yake ingekuwa rahisi zaidi. Angeweza pia kutoa orodha tupu za madubwana na kusema, haya, tunga. Alijenga kuta, akachora ramani, akaweka harufu jikoni, halafu akampa kalamu mtu ambaye jana hakujua mchezo ni nini. Mwendeshaji mgeni akimaliza kujaza mistari ile ameshatunga nusu ya mkasa bila kuogopa. Mkasa wake wa pili atautunga mwenyewe. Gygax naye, alipoandika The Keep on the Borderlands uliokuja kuchukua nafasi ya ule wa Carr kisandukuni, alifanya jambo linalofanana: wakazi wa ngome ya mpakani karibu wote hawana majina, wanatajwa kwa kazi zao tu, fundi chuma, kasisi, mwenye duka, mwenye baa. Tulipoucheza Tabata, fundi chuma akawa Mzee Shomari, mwenye maneno mengi na bei zisizopungua, na mwenye baa akawa mama mmoja asiyekopesha mtu hata akija na upanga wa dhahabu. Ngome iliyoandikwa Wisconsin ikawa na watu tunaowajua.

Mkasa usioacha mstari hata mmoja mtupu ni jambo jingine. Mikasa ya Dragonlance, iliyoanza mwaka 1984, ilikuja na wahusika waliokwisha kutungwa, na hao hao walikuwa mashujaa wa riwaya zilizotoka sambamba. Kwa kuwa walihitajika kwenye vitabu vilivyofuata, iliwekwa kanuni kwamba mhusika muhimu akiuawa, mwendeshaji ahakikishe mwili wake hauonekani, ili baadaye arudi na maelezo ya jinsi alivyonusurika. Riwaya zilipendwa mno, na sishangai. Lakini mezani, mchezaji anayejua kuwa hawezi kufa na hawezi kugeuza njia amebaki kuwa msikilizaji aliyekalia kiti cha mchezaji.

Wazazi wetu wengi walituandikia mikasa. Shule fulani, kozi fulani, kazi yenye pensheni, ndoa, kiwanja. Ujanani tuliwalalamikia, tukataka ukurasa mtupu. Sasa nina wanangu, na naona walichokuwa wakikifanya: hawakutaka tusimame ukingoni mwa mto na wasifu wa kurasa nne. Ninachowahukumu nacho, na ninachojihukumu nacho mwenyewe, ni mistari waliyoiacha au kutoiacha mitupu. Mzazi aliyesema "utasoma, lakini utakachosoma tutakaa tuzungumze" alikuwa Carr. Aliyesema "utakuwa daktari, na ukishindwa tutasema hukushindwa" alikuwa anaficha maiti ya mhusika wake.

Kuna sababu moja zaidi inayonifanya nitake wachapishaji wauthamini mkasa, nayo ni nzito kuliko zote. Mwaka 1984 kampuni ya Chaosium ilichapisha Masks of Nyarlathotep, mkasa mrefu wa Larry DiTillio na Lynn Willis kwa ajili ya mchezo wake wa kutisha, Call of Cthulhu, uliotoka mwaka 1981. Wengi wanauhesabu miongoni mwa mikasa bora iliyopata kuandikwa. Ni mwaka 1925. Mwandishi anauawa New York, na wapelelezi wanafuata nyayo za msafara wa matajiri uliosemekana kuangamia nchini Kenya mwaka 1919. Nyayo zinapita London, Cairo, Mombasa, Nairobi, Shanghai. Naam, Mombasa. Wapelelezi wanatoka pwani kwa treni kwenda Nairobi, na huko barani kuna Mlima wa Upepo Mweusi, ambako waumini wa kundi la Ulimi wenye Damu hukutana kutoa kafara za watu.

Tuliucheza. Wachezaji wangu walikuwa Wamarekani wa kwenye karatasi, wenye kofia na kamera, mpaka meli ilipotia nanga. Nilipoanza kusoma maelezo ya bandari, yule mfamasia wetu, ambaye mama yake ni wa Mombasa, akaweka dadu chini. "Subiri kwanza," akasema. "Sisi humu ndani tuko wapi?" Tukapekua. Tulikuwepo. Kulikuwa na wabeba mizigo, kulikuwa na waabudu wenye mapanga, kulikuwa na mzee wa kienyeji mwenye hekima na nguvu za ajabu. Na kulikuwa na Johnstone Kenyatta, ambaye wakati ule hajaanza kuitwa Jomo, akiwa miongoni mwa wanaoweza kuwasaidia wapelelezi wakimfikia kwa heshima. Waandishi walikuwa wamesoma historia. Walijua kwamba katika miaka hiyo Kenyatta alikuwa Nairobi, na wakampa nafasi ya mtu mwenye akili na msimamo. Kitabu kilekile kikatupa mlima wa kafara.

Kitabu cha kanuni za mchezo huo hakisemi lolote baya juu yetu. Kinaeleza namna ya kupima akili ya mhusika inavyoyumba anapoona ya kutisha, na kipimo hicho ni kilekile kwa Mmarekani na kwa Mswahili. Ni mkasa ndio unaoamua nani atakuwa mpelelezi na nani atakuwa wa kupelelezwa, mlima upi ni wa mapumziko na upi ni wa damu. Toleo jipya la Masks of Nyarlathotep la mwaka 2018 lilijitahidi kuyapitia upya mengi ya namna hiyo, na mwaka 2022 Wizards of the Coast walitoa Journeys through the Radiant Citadel, mkusanyiko wa mikasa 13 ulioandikwa na waandishi weusi na wengine wasio wazungu, kila mmoja akichota kwao. Hilo halikufanyika kwa kuongeza jedwali jipya la silaha. Ilibidi visa viandikwe upya na watu wengine.

Jioni ile ya bandarini hatukufunga kitabu. Mfamasia alichukua karatasi mpya akaandika mhusika mwingine: binti wa mfanyabiashara wa Mombasa, anayejua Kiarabu, Kiingereza na bei ya kila shehena iliyoingia Kilindini. Mhasibu akawa karani wa reli. Wamarekani wakapangishiwa vyumba, wakaambiwa wasubiri hotelini. Binti yule ndiye aliyekwenda kumtafuta Kenyatta, na alipompata wakasalimiana kama watu wawili wenye haraka zao, kila mmoja akijua mwenzake ana la kupoteza. Mlima tulikuja kuufikia, na waliokuwa wakiwalipa wale waabudu hatukuwakuta mlimani, tuliwakuta kwenye ofisi yenye feni. Hayo hayakuwemo kitabuni. Lakini bila kitabu tusingefika bandarini.

Wapo wanaonijibu kwamba vitabu vya nyongeza navyo huzaa visa, na ni kweli. Dubwana moja zuri katika Monster Manual ya Gygax ya mwaka 1977 linaweza kumkosesha usingizi kijana wa miaka 14 mpaka alitungie kisa. Kijana huyo ana likizo ndefu. Sisi tunaofika Jumamosi tumechoka, mmoja ametoka kliniki na mtoto, mwingine amefunga mahesabu ya mwezi, tunahitaji mtu aliyekwisha kutufikiria. Wapo pia wanaosema mikasa ya siku hizi ni minene, mtu anatakiwa asome kurasa zaidi ya 200 kabla ya kuwaambia wenzake wakae, na jambo la maana limefichwa kwenye aya ya tano. Hao nakubaliana nao bila kusita. Mkasa unaomchosha mwendeshaji kabla ya mchezo umeshindwa kazi yake ya kwanza.

Basi kama ningepewa kiti mbele ya mchapishaji, ningemwomba mambo matatu. Atoe mikasa kwanza, na nyongeza zije baada ya watu kuwa wameketi. Iwe mifupi, yenye mistari mitupu ya kutosha ili mwenye kuicheza aache alama yake. Na kalamu aizungushe, iwafikie hata wale ambao mpaka sasa wameishi ndani ya mikasa ya watu wengine kama wabeba mizigo.

Hilo la tatu hatuna haja ya kulingojea. Kilwa ina historia ya kutosha mikasa mia. Soko la Kariakoo lina siri zaidi ya Quasqueton. Reli ile ya Mombasa kwenda Nairobi ilijengwa na ilisafiriwa na watu wenye majina, na wajukuu wao wako hai, wanaweza kuulizwa. Kijana wetu wa chuo, mwenye mwindaji wa kurasa nne, nimemwambia aweke wasifu pembeni na aniandikie kurasa nane: mahali, watu watatu wenye shida inayogongana, ramani ya mkono, na mistari mitupu. Amelalamika kwamba hajui aanzie wapi. Nimemwambia aanze na mtu anayepiga kelele ng'ambo ya mto, na Jumamosi ijayo yeye ndiye atakayeendesha.